Barua ya wazi: nishati safi imeishia kwenye mita

Kwa: Wizara ya Nishati, na taasisi zote zenye mkono katika umeme wa majumbani
Nakala: wenye nyumba wa Ilala, Magomeni, Temeke na kwingine kote kwenye nyumba za zamani

Waheshimiwa,



Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ingawa nyie wanyonge siwaiti. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo lake tumelisikia mpaka watoto wanalikariri: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji nalo limekamilika, mitambo tisa, megawati 2,115. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Mkaa nimeupikia tangu nikiwa mtoto. Kikohozi chake nakijua, na bei ya gunia wakati wa masika naijua pia. Mtu akitaka niuache hana haja ya kunihubiria.

Ninachowaandikia ni hiki. Mkakati wenu umetoka Rufiji, ukapita kwenye nguzo, ukaingia kwenye mita ya LUKU, ile ya kulipia kabla, ukaishia hapo. Sisi wapishi tunaishi upande wa pili wa mita. Huku kuna nyaya zilizotandazwa kwa ajili ya taa, redio na pasi, na sasa mnatuambia tuzitwishe jiko.

Mimi ni mpangaji Ilala, kwenye nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba sita, uani nyuma, LUKU moja tunayochangia wote. Kazi yangu ni kuoka. Skonzi na mikate nauzia maduka ya jirani, keki naoka kwa oda. Nikanunua jiko la umeme la pleti nne lenye oveni chini, jipya, ndani ya boksi lake. Lilipofika, halina plagi. Majiko makubwa ndivyo yalivyo na wala si kasoro, ila dukani hakuna aliyelisema. Nyuma yake kuna kifuniko cha skrubu mbili. Ukikifungua unakuta sehemu tano za kufungia nyaya, vibati vya shaba vya kuziunganisha, na mchoro wa namna ya kufunga kwa umeme wa njia moja na wa njia tatu. Kijitabu chake kina lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Kijana aliyelileta kwa guta akatoa kisu mfukoni akaomba plagi ya pasi. "Mama, hii dakika mbili tu."

Nikamzuia. Nikamwita fundi mwenye leseni, na yeye jiko hata hakuligusa. Aliomba ngazi, akapanda kwenye meinswichi iliyo juu ya mlango wa mbele. Ni ubao wa mbao wenye fyuzi za kauri nyeupe, za aina ambayo vijana wa leo hawajawahi kuiona. Alipochomoa ya kwanza, pale panapotakiwa uzi mwembamba wa fyuzi palikuwa na nyuzi za shaba zilizosokotwa pamoja, nene kiasi cha kufungia mbuzi. Akanionyesha bila kusema kitu. Nyaya zilizoingia ukutani zilikuwa nyekundu na nyeusi, rangi za zamani, na mpira wake alipougusa kwa kidole ulipukutika. Akashuka, akafungua soketi ya chumbani kwangu. Waya wa ethi wa kijani ulikuwepo, umekunjwa vizuri, lakini upande wa pili haukufika popote. Ulikatwa ndani ya ukuta, pengine siku walipopiga plasta upya. Uani tukatafuta rodi ya ethi. Tukakuta tundu lake kwenye sakafu. Rodi yenyewe, kwa maelezo ya jirani wa chumba cha mwisho, iliondoka na wanunuzi wa chuma chakavu.

"Dada," akasema, "jiko halina tatizo. Ukiliwasha humu utachoma nyumba ya watu."

Mwenye nyumba alipopata habari hakushangaa. Alinikumbusha mkataba: hakuna hita, hakuna jiko la umeme, pasi kwa zamu. Nimefikiria sana marufuku yake. Ni kanuni pekee ya usalama wa umeme iliyowahi kutekelezwa ndani ya nyumba ile, na inakwenda kinyume kabisa na mkakati wa taifa. Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

Hoja zangu ni hizi.

1. Jiko linauzwa bila mnunuzi kuambiwa linataka nini. Kampeni zenu husema "jiko la umeme" kana kwamba ni kitu kimoja. Jiko la presha la umeme la lita sita hutumia kama wati 1,000. Ukigawanya kwa volti 230 unapata ampea nne na kitu, mzigo ambao soketi nzima yenye nyaya nzima huubeba bila wasiwasi, na chungu cha maharage kinaiva kwa chini ya uniti moja. Hilo nalisifu popote. Jiko la kioo la pleti moja huvuta wati 2,000, karibu ampea tisa. Bado linaingia kwenye plagi. Langu mimi, pleti zote na oveni zikiwashwa, ni wati 7,500. Hizo ni karibu ampea 33. Plagi yetu ya pini tatu za bapa ina fyuzi ya ampea 13, yaani mwisho wake ni wati 3,000. Yule kijana na kisu chake alitaka kupitisha mzigo wa zaidi ya plagi mbili kwenye plagi moja.

Jiko kama hilo linataka waya wake peke yake kutoka kwenye meinswichi, waya wa 6 (milimita za mraba) kwa kawaida, breka yake ya ampea 32 na swichi yake ukutani. Kwenye nyumba za aina yetu, soketi nyingi zimechukuliwa kutoka kwenye nyaya za taa, waya wa 1.5. Na joto la waya haliongezeki kwa hesabu ya kawaida ya sokoni. Mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Waya uliokusudiwa ampea 15 ukiupitisha 30, hauchoki mara mbili zaidi. Unapika ganda lake la plastiki, ambalo kwa nyaya za kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 tu.

Najua wahandisi wenu wana hesabu ya kupunguza, kwamba pleti zote haziwashwi pamoja. Ni hesabu halali kwa familia inayochemsha chai na kupika wali. Siku ya oda ya harusi, kwangu zinawashwa zote.

Ombi langu hapa ni dogo kuliko yote na halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Shirika la Viwango, TBS, waagize kila jiko la umeme linalouzwa nchini liwe na karatasi ya Kiswahili juu ya boksi, herufi kubwa: wati ngapi, ampea ngapi, waya wa ukubwa gani, linaingia kwenye plagi au haliingii. Muuzaji asiruhusiwe kulitoa dukani kabla mnunuzi hajaisoma au hajasomewa.

2. Mita imekuwa mpaka wa nchi mbili. Upande wa nje, kila kitu kina mwenyewe: nguzo, transfoma, waya wa kuingilia, mita. Akiitwa mtu kwa hitilafu huko, anakuja, leo au kesho. Upande wa ndani ni "mali ya mteja". Siku ya kuomba umeme, fomu inajazwa na mkandarasi aliyesajiliwa, anachora mchoro wa nyumba, anagonga muhuri. Mjini unalipa shilingi 320,960 za kuunganishiwa, taa zinawaka, watu wanapiga vigelegele. Mchoro ule unaingia kwenye faili na nyumba inaendelea na maisha yake. Mwenye nyumba anagawa sebule kuwa vyumba viwili. Anaongeza banda uani, anakodisha fremu ya saluni mbele. Kila nyongeza inavutiwa umeme kutoka kwenye ile ya kwanza. Hakuna anayerudi na mchoro mkononi kuuliza nyumba hii imekuwa nini.

Kwenye mitaa ninayoifahamu, sijaona nyumba ya wapangaji ikikaguliwa nyaya baada ya siku ile ya vigelegele. Gari la abiria linakaguliwa. Mtungi wa kuzima moto kwenye ofisi yenu una karatasi ya tarehe. Nyaya zinazopita juu ya vitanda vya watu, kwenye mbao kavu za dari na vumbi la miaka yote, hazina.

3. Mpangaji ndiye mpishi, mwenye nyumba ndiye mwenye nyaya. Mkakati wenu umeandikwa kana kwamba anayepika na anayemiliki ukuta ni mtu mmoja. Dar es Salaam haiko hivyo. Mimi nikibadilisha wayaringi ya chumba changu, nimeboresha nyumba ya mtu na mwakani kodi inapanda kwa sababu nyumba imeboreshwa. Mwenye nyumba akibadilisha, faida ya jiko ni yangu na gharama ni yake. Kila mmoja akipiga hesabu yake vizuri anaishia kununua mkaa.

Niseme kwa haki: mwenye nyumba wetu si mtu mbaya. Ni mzee aliyerithi nyumba, anaishi kwa kodi ya vyumba, na bei ya kutandaza nyaya upya nyumba nzima ni kodi ya miezi mingi ambayo hana. Lakini tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme kwenye nyumba ile ni sisi. Kwa hiyo serikali inajua kabisa njia ya kupita kwenye mita na kumfikia mwenye jengo kupitia mfuko wa mpangaji. Njia hiyohiyo itumike walau mara moja kwa faida yetu. Mpeni mwenye nyumba mkopo wa kubadilisha nyaya, marejesho yakatwe kidogokidogo kwenye LUKU ya nyumba yake, na sheria iseme wazi kwamba mpangaji anayekatwa anapunguziwa kwenye kodi. 

4. Breka haiponyi nyumba mbovu. Hii naisema kwa sababu jibu la haraka mtaani, na wakati mwingine hata la watu wenye vitambulisho shingoni, ni "weka breka mpya". Breka inalinda waya, na inalinda waya wa ukubwa wake tu. Ukifunga breka ya 32 kwenye waya wa 1.5, waya utaungua kwanza, breka ikiwa imekaa kimya inatazama. Na dawa ya mtaani kwa breka inayokata kila jioni inajulikana: toa hiyo, weka kubwa. Ni yaleyale ya nyuzi za shaba kwenye fyuzi ya kauri, vifaa tu ndivyo vipya.

Kisha kuna kiungo kilicholegea. Skrubu ya soketi isiyobanwa vizuri, au nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kuvishwa utepe mweusi juu ya dari, hupata moto mzigo ukipita, na breka haioni kosa lolote kwa sababu mkondo haujazidi. Dalili zake ni soketi inayobadilika rangi kuwa ya kahawia upande mmoja, na harufu kama ya samaki anayeungua mahali ambapo hakuna anayekaanga samaki. Wapishi tunaifahamu harufu hiyo. Wekeni kwenye matangazo yenu ya redio, badala ya kurudia wimbo.

5. Ethi. Jiko la mkaa lina hatari zake, lakini halijawahi kumpiga mtu shoti. Jiko la umeme ni bati tupu. Waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa bati, ethi ndiyo inayoupeleka umeme ardhini na kulazimisha fyuzi ikatike. Pasipo ethi, jiko linakaa linawaka vizuri, chai inachemka, na bati lake lina volti 230 linamsubiri mtu. Mtu huyo, kwa kawaida, ni mwanamke aliyesimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji iliyotoka kupigwa deki, mkono mmoja kwenye sufuria ya aluminiamu. Au ni mtoto aliyetumwa kupunguza moto.

Kuna swichi inayokata umeme unapovuja hata kwa miliampea 30, kabla moyo haujadhurika. Nyumba mpya za wenye uwezo zinayo. Mngekuwa na shilingi ya kutumia kwenye kitu kimoja tu ndani ya nyumba zetu, ningewaomba muanze na rodi ya ethi na swichi hiyo, hata kabla ya jiko lenyewe.

6. Mafundi na vishoka. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, inatoa leseni kwa mafundi umeme kwa madaraja, jambo jema. Mpangaji wa Buguruni atamjuaje mwenye leseni? Mlango wa ofisi ya serikali ya mtaa umebandikwa matangazo ya kila aina, kuanzia mikutano mpaka dawa za kunguni. Bandikeni na majina ya mafundi wenye leseni wa kata hiyo, na bei elekezi ya kazi tatu tu: kukagua nyumba, kuweka ethi, kufunga waya wa jiko. Kishoka, yaani fundi asiye na leseni, anashinda kwa sababu anapatikana na bei yake inajulikana, wala si kwa kuwa watu wanampenda.

Na waya wenyewe. Madukani kuna nyaya zinazong'aa kwa shaba nje huku ndani ni aluminiamu. Ukikwangua uzi wake kwa kisu, weupe unatokea. Ukilibeba roli lake, ni jepesi kuliko linavyostahili. Waya wa 6 wa namna hiyo haubebi mzigo wa waya wa 6, na fundi mwaminifu anaweza kuufunga kwa kanuni zote na nyumba bado ikaungua. TBS na Tume ya Ushindani mnazo taarifa kuliko mimi. Kampeni ya kuhamasisha majiko ikiongezeka, soko la nyaya hizo nalo litaongezeka; fanyeni misako kwa kasi ileile.

7. Mlishawahi kuvuka mita. Hili ndilo naomba mlisome mara mbili. Vijijini, ambako kuunganisha umeme ni shilingi 27,000, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, waliona mapema kwamba mtu anaweza kumudu kuunganishwa asimudu wayaringi. Wakaleta UMETA, Umeme Tayari: kiboksi kimoja chenye soketi na sehemu za taa, kinafungwa ukutani, nyumba inapata umeme bila kutandaza nyaya. Hakuna aliyesema siku hiyo kwamba ndani ya nyumba ni mali ya mteja. Mliingia.

Basi tuleteeni UMETA ya jikoni. Nieleze ninavyoiona, nanyi mna wahandisi wa kuirekebisha. Waya mmoja wa 6, wa shaba halisi, unatoka karibu na mita na kwenda moja kwa moja mahali pa kupikia, bila kugusa nyaya za zamani hata kwa bahati mbaya. Mwisho wake kiboksi chenye breka ya ampea 32, swichi ya kukata umeme unapovuja, sehemu ya kufungia jiko kubwa, na soketi mbili kwa wenye majiko ya presha. Rodi yake ya ethi inapigwa uani na kufunikwa saruji, wanunuzi wa chuma chakavu wasiipate. Nyaya nyekundu na nyeusi ziendelee na taa zao mpaka siku mwenye nyumba atakapopata uwezo.

Kwa nyumba yetu ya vyumba sita kiboksi kimoja hakitoshi, najua. Tungekuwa na eneo moja la kupikia uani, lenye paa, tupike kwa zamu kama tunavyofanya kwa mkaa. Ugomvi wa nani katumia uniti ngapi ungebaki, na kwa kweli ni ugomvi mkubwa: anayeoka keki na anayechemsha maji ya chai wanachangia LUKU sawa kwa sawa, na punguzo la wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi halitufikii kabisa kwa sababu mita moja inahesabu familia sita kama mteja mmoja tajiri. Kiboksi hicho mkikiwekea kimita kidogo cha kusoma, amani ya nyumba itakuwa imeokolewa na nyie mtapata takwimu za kweli za nani anapika kwa umeme.

8. Nyumba mpya zisirithi ubovu wetu. Fomu ile ya maombi yenye mchoro wa mkandarasi iongezwe kisanduku kimoja: waya wa jiko upo au haupo. Kama haupo, umeme usiunganishwe. Kuweka waya huo ukuta ukiwa wazi ni gharama ndogo. Kuuweka baada ya vigae na rangi ni kilio. Nyumba zinazojengwa leo Chanika, Mbagala na Bunju ndizo zitakazokuwa na wapangaji 2034, mwaka wa asilimia 80 zenu.

9. Volti. Kwa kifupi, maana hili liko upande wenu wa mita. Saa za jioni mtaani kwetu taa hufifia, na nguvu ya oveni hushuka zaidi ya volti zinavyoshuka. Volti zikiwa 180 badala ya 230, oveni inatoa kama asilimia 61 tu ya joto lake. Keki haikui. Mteja wa keki hataki kusikia habari za transfoma.

Waheshimiwa, mlipotaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja ziache kuni na mkaa, mliweka amri na tarehe. Zipo shule na magereza yaliyobadilika kwa sababu ya tarehe hiyo. Wekeni tarehe na kwa nyaya: mwaka ambao kila nyumba ya kupangisha ya zamani Dar es Salaam itakuwa imekaguliwa angalau mara moja, kwa gharama ambayo haitamfanya mwenye nyumba afunge mlango. Anzeni Ilala, Kariakoo, Magomeni, Temeke, kwenye nyumba zenye ubao wa fyuzi za kauri. Ndugu zetu wa Mji Mkongwe kule Zanzibar wana shirika lao la umeme na mamlaka zao, lakini nyumba zao ni kongwe kuliko zetu, na naamini barua hii wataielewa bila kutafsiriwa.

Msiposikia, niwaambie kitakachotokea, maana kimeanza. Watu watanunua majiko kwa sababu mmewashawishi. Wengine wataambiwa na mwenye nyumba wayatoe, watayauza kwa hasara na kuusema vibaya umeme maisha yao yote. Wengine watafunga kwa plagi ya pasi na ekstensheni ya chini ya kitanda. Zimamoto tunawajua, namba yao ni 114, lakini gari lao halipiti kwenye vichochoro vya kwetu vyenye meza za wauza mboga na bajaji zilizolazwa. Nyumba ikishika kwenye dari, na dari zetu vyumba vyote zimeungana, wanaolala chumba cha mwisho wana mlango mmoja wa mbele na mmoja wa uani, na wa uani usiku hufungwa kwa kufuli. Kesho yake taarifa itasema "chanzo ni hitilafu ya umeme", na hakuna atakayeandika kwamba ilikuwa nishati safi.

Na nyie wenye nyumba, niliowapa nakala: marufuku ya jiko la umeme bila kurekebisha nyaya haiwalindi. Friji la chumba cha pili, pasi ya chumba cha tatu na hita iliyofichwa chini ya kanga tayari viko kwenye nyaya hizohizo. Iteni fundi mwenye leseni afungue soketi moja tu, mtazame wenyewe.

Bajeti ya Wizara ya Nishati husomwa bungeni kila mwaka. Nitaisikiliza redioni nikiwa kazini, na nitakuwa natafuta mambo matatu: UMETA ya jikoni, mkopo wa nyaya kupitia LUKU, na tarehe ya ukaguzi. Kama hayamo, naomba mbunge wetu asimame aulize kwa nini, na jibu lake litolewe hadharani kama nilivyoandika mimi hadharani.

Wasalaam,

Mpangaji na mwoka mikate,
Ilala, Dar es Salaam